Usiku wa Tunduma na Kioo cha Bei Mbaya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya ya wahenga huning'inizwa zaidi madukani, lakini leo, ndugu msomaji, nataka tuyapeleke kwenye mali nyingine ambayo sisi vijana wa mpakani tunayo tele na daftari lake hatuna. Mali hiyo ni usiku.

Fungua albamu yoyote ya familia, iwe ya Tunduma, Vwawa, Mlowo au Ileje. Utamkuta babu kasimama wima mbele ya nyumba, jua la saa sita limemkunja uso. Utamkuta shangazi studio, nyuma yake pazia lililochorwa bahari na minazi, mkono kauweka juu ya stuli kama alivyoamriwa. Utamkuta mtoto wa mwaka mmoja kakalishwa kwenye kiti barazani. Sasa tafuta picha ya bibi anasonga ugali ndani ya jiko lenye moshi. Tafuta picha ya ngoma iliyokesha, ya watu waliolala chini msibani, ya dereva na utingo wake wanakunywa chai saa nane usiku kando ya barabara kuu ya Zambia. Hazipo, au kama zipo ni za kuhesabu. Ukizisadiki albamu zetu, wazee wetu waliishi mchana tu. Jua likizama walikuwa wanakwenda wapi?

Wapo watakaosema ni mila, kwamba wazee walitaka kupigwa picha kwa heshima, wamevaa na kusimama vizuri. Ukweli upo hapo, siukatai. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haisemwi, nayo si ya mila hata kidogo. Ni kioo. Usiku wetu haukuingia kwenye picha kwa kuwa kioo cha kuuona kilikuwa cha bei mbaya, na kilikuwa mikononi mwa watu wengine. Giza la albamu zetu lina historia yake, na historia hiyo ina miaka na majina.

Kwanza tuelewane kwenye hesabu, maana bila hesabu yatakuwa maneno matupu. Kila lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, na ukubwa wa tundu huandikwa kwa namba: f/1.4, f/2, f/2.8, f/3.5 na kuendelea. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.4 hupitisha mwanga mara 4 ya ile ya f/2.8, na zaidi ya mara 6 ya ile ya f/3.5. Sasa chukua sebule yenye balbu moja ya kawaida, na kamera yenye mkanda wa ASA 400. Kwa f/1.4 utahitaji kama 1/60 ya sekunde. Kwa f/2.8 utahitaji 1/15. Kwa f/3.5 utahitaji kama 1/10. Kwa kamera ya sanduku yenye tundu la karibu f/11, utahitaji sekunde nzima. Mkono wa binadamu hautulii sekunde nzima, na bibi anayesonga ugali hatulii hata nusu yake. Ndiyo maana babu alitolewa nje juani.

Jambo la pili ni upana. Vyumba vyetu ni finyu. Ukiwa ndani na lenzi ya milimita 50, mgongo wako umeshagusa ukuta na bado unapata uso na mabega tu. Ya milimita 35, inayoona digrii kama 63 kutoka pembe hadi pembe, inakupa mtu na meza yake. Ya milimita 28, inayoona digrii kama 75, inakupa mtu, meza, taa, kalenda ukutani na mtoto aliyelala kwenye mkeka. Kwa hiyo anayetaka kuuandika usiku wa watu kwa picha anahitaji vitu viwili kwa pamoja: lenzi pana, tena yenye tundu kubwa. Na hapo ndipo mafundi wa vioo walipohangaika kwa miaka mingi, kwa sababu vitu hivyo viwili havipendani. Lenzi ikiwa pana, mwanga huingia kwa kulala pembeni. Tundu likiwa kubwa, mwanga huo wa pembeni hupindapinda vibaya, na taa iliyo kwenye kona ya picha huota mabawa kama kumbikumbi.

Tazama tarehe zenyewe. Kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack, iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1925 ikiwa na lenzi ya milimita 50, f/3.5. Mwaka 1930 ikaja lenzi pana ya milimita 35, lakini tundu lilikuwa lilelile f/3.5. Mwaka 1932 Leica II na Contax zilitoka na renjifainda, yaani kifaa cha kupimia umbali kilichounganishwa na lenzi. Mpiga picha anaona taswira mbili za kitu kimoja, anazungusha lenzi kwa mkono mpaka taswira zikae pamoja, basi, fokasi imekaa. Contax ilikuwa na Sonnar ya milimita 50, f/1.5, kazi ya Ludwig Bertele, ambayo kwa wakati ule ilikuwa ajabu kwa mwanga. Lakini haikuwa pana. Bertele huyohuyo alipokuja na Biogon ya milimita 35 katikati ya miaka ya 1930, tundu lake lilikuwa f/2.8. Warusi baadaye waliifuata wakatengeneza Jupiter-12, ya bei ya mtu wa kawaida, nayo ni f/2.8.

Mlango ulifunguka miaka ya 1950. Mwaka 1956 Wajapani wa Nikon walitoa lenzi ya milimita 35, f/1.8, kwa kamera zao za renjifainda. Mwaka 1961 Leica wakatoa Summilux ya milimita 35, f/1.4. Kuanzia hapo mtu aliweza kuingia kwenye chumba chenye balbu moja, bila flashi, bila miguu mitatu ya kusimamishia kamera, akatoka na picha ya watu wakiwa kama walivyo.

Mwaka 1961, msomaji. Mwaka uleule, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, bendera ya Tanganyika ilipandishwa Dar es Salaam, na Luteni Alexander Nyirenda akasimamisha mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro. Nchi yetu ilizaliwa usiku wa manane, saa ambayo kamera nyingi za dunia zilikuwa vipofu. Uwanjani kulikuwa na taa, na wapiga picha wa serikali na magazeti walikuwepo. Lakini katika maelfu ya nyumba ambamo watu walikesha wakiimba na kunywa togwa na pombe, nani alikuwa na f/1.4?

Tusije tukadhani kwamba Afrika Mashariki haikuwa na wapiga picha. Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza Mji Mkongwe mwaka 1930 na ikaandika maisha ya mji ule miaka nenda miaka rudi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kusomea Dar es Salaam, alianza na Box Brownie, kamera ya sanduku. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapohapo Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaitikisa dunia. Vipaji vilikuwepo. Vifaa ndivyo vilivyofika kwa kuchagua: vilifuata mashirika ya habari, viwanja vya sherehe na mbuga za wanyama. Havikufika Mbozi.

Wengine walipigana na giza kwa flashi. Malick Sidibé wa Mali aliingia kwenye madansi ya vijana wa Bamako miaka ya 1960 na flashi yake, akatuachia furaha ambayo haizeeki. Namvulia kofia. Lakini flashi ina tabia yake: humulika aliye mbele na kumzika aliye nyuma. Chumba kinageuka ukuta mweusi. Taa ya kibatari iliyokuwa inawaangazia watu haionekani tena, na watu wote wanajua wamepigwa. Lenzi yenye tundu kubwa hutumia mwanga uleule walioutumia wenye nyumba. Hiyo ndiyo tofauti.

Sasa turudi kwetu. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na mwaka 1973 ilivuka mpaka hapa Tunduma kuingia Nakonde. Kwa mtu mwenye ndoto ya kuandika riwaya ya Tunduma ya miaka ile, kama mimi, huu ni mgodi. Picha za reli zipo: viongozi wanapeana mikono, mafundi wa Kichina na Watanzania wamejipanga mbele ya kichwa cha treni. Zote jua kali. Lakini makambi yalilalaje? Vijana wa Kinyiha na Kinyamwanga walioacha jembe wakashika sururu walikula nini usiku, wakicheza karata na nani, chini ya taa gani? Riwaya huishi humo, na humo ndimo picha zinapokoma.

Kumbe miaka ileile, huko Shanghai, kiwanda cha kamera kilikuwa kinatengeneza Hongqi 20, yaani Bendera Nyekundu 20, kamera ya renjifainda iliyofuata mfano wa Leica. Ilikuwa na lenzi tatu, mojawapo ikiwa ya milimita 35, f/1.4. Zilitengenezwa kuanzia mwaka 1971, mamia machache tu, kisha mradi ukafa. China ilikuwa inatujengea reli, na papo hapo ilikuwa inajifunza kutengeneza jicho la usiku. Reli ilifika Tunduma. Jicho halikufika.

Likafika lini? Lilikuja kwa kuzunguka. Kwa muda mrefu kamera zilizotawala dunia zilikuwa zile zenye kioo ndani, kinachopiga "kwachu" kila unapobonyeza. Kioo kile kinahitaji nafasi, kwa hiyo lenzi pana lazima ikae mbali na mkanda, na kuitengeneza kunahitaji vioo vingi na uzito. Renjifainda haina kioo kile. Lenzi yake inaweza kuzama ndani mpaka karibu na mkanda, ikawa ndogo kama kikombe cha kahawa. Mwaka 1999 Cosina wa Japani, wakitumia jina la zamani la Voigtländer, walianza kufufua lenzi za namna hii kwa bei iliyo chini ya Leica. Mwaka 2004 Epson R-D1 ikawa renjifainda ya kwanza ya dijitali. Mwaka 2008 Panasonic G1 ikaanzisha kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo kabisa, na mwaka 2013 Sony A7 ikawa na kihisi chenye ukubwa wa picha ya mkanda wa zamani. Hapo mambo yakageuka. Kwa adapta ya bei ndogo, lenzi ya mwaka 1956 inavaa kwenye kamera ya leo. Na mwishoni mwa miaka ya 2010 makampuni ya Kichina kama 7Artisans na TTArtisan yakaanza kutoa lenzi pana za f/1.4 za kufokasi kwa mkono, kwa mia chache za dola, wakati Summilux mpya inadai maelfu.

Mia chache za dola kwa kijana wa Tunduma bado ni mtaji wa genge, najua. Lakini kikundi cha vijana watano kinachopiga picha za harusi na kipaimara kinaweza kuifikia kwa kuchangishana. Kwa hiyo si kosa tukijua namna ya kuipima lenzi kabla hatujatoa pesa.

Pima kwanza upana kwenye kamera yako mwenyewe. Kama kihisi ni kidogo, lenzi hukatwa. Ya milimita 35 kwenye kihisi cha kati, kile cha mara 1.5, huona kama ya 52, na upana umekwisha. Kwenye kamera hiyo unataka ya 24 au chini yake. Pili, nenda nayo penye taa usiku, weka taa moja kwenye kona ya picha, fungua tundu lote. Ikiota mabawa makubwa, ujue kila lori kwenye foleni litaota mabawa. Summilux ya mwanzo yenyewe ilikuwa na ukungu ikifunguliwa yote, kwa hiyo usitafute malaika. Tafuta kasoro unayoweza kuishi nayo. Tatu, elekea taa za gari uso kwa uso uone kama picha yote inafifia. Nne, zungusha pete ya fokasi: iwe laini, isilegee. Kwa milimita 35, f/1.4, ukiwa mita 2 na mtu, eneo lililo wazi ni kama sentimita 28 tu. Pua ikitoka vizuri, mtu aliye nyuma yake hatatoka. Renjifainda gizani huchosha macho, lakini kamera isiyo na kioo hukuza taswira ukaona kope. Tano, lenzi ya mtumba imulike kwa tochi toka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani, hizo ni ukungu unaokula kioo, achana nayo hata ukibembelezwa. Na jua pia kwamba lenzi za zamani zinazozama ndani sana, kama Biogon na Jupiter-12, kwenye kihisi cha dijitali zinaweza kuharibu kona, zikawa na rangi ya ajabu na weusi, kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya mkanda.

Utaniuliza, je simu? Swali zuri, tena ni zuri kuliko unavyodhani. Kamera kuu ya simu nyingi za leo ni lenzi pana, na tundu lake ni karibu f/1.8, namba ileile ya Nikon ya mwaka 1956. Yaani kijana wa Sogea au Majengo anatembea na jicho la usiku mfukoni. Basi anza nayo leo. Ila kihisi chake ni kidogo kama kucha, mwanga kinaoukusanya ni haba, na kinachobaki simu huunganisha kwa hesabu: inapiga picha nyingi, inazipanga, na pengine inakisia ngozi na nywele. Kwa salamu za mtandaoni inatosha. Kwa daftari la historia, kuona ni kuona na kukisia ni kukisia.

Kuna jambo jingine linaloniuma, nalo ndilo limenifanya niandike. Vioo vya lenzi hizi vikapata nguvu zaidi ya kupinda mwanga kwa msaada wa lanthanamu, madini adimu ambayo George Morey wa Marekani aliyaingiza kwenye kioo miaka ya 1930. Sasa fikiri: katika Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, upo mlima wa Ngualla wenye madini adimu, lanthanamu ikiwemo, na mwaka 2023 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia juu ya mradi huo. Betri za kamera zina kobalti, na kobalti ya Kongo hupita hapahapa Tunduma juu ya malori kwenda bandari ya Dar es Salaam, usiku na mchana. Malighafi ya jicho ipo mlimani kwetu na barabarani kwetu, na jicho lenyewe hurudi likiwa limefungwa kwenye boksi, lina bei ya kigeni. Tumelizoea hilo kwenye kahawa. Tusilizoee kwenye kumbukumbu.

Kimondo cha Mbozi kimepigwa picha mara ngapi? Hakihesabiki. Kimondo hakikimbii, kimekaa juani, kinangoja. Usiku wa Tunduma haungoji. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na Nakonde, na desturi za mpaka zinabadilika mbele ya macho yetu: wabadilisha fedha wenye kwacha na shilingi mkononi, mama wa supu ya alfajiri, madereva wanaolala chini ya trela kwenye foleni. Hawa wakiondoka, mwandishi wa mwaka 2070 atatafuta sura zao kama mimi ninavyotafuta za makambi ya reli, na atakuta pazia la studio.

Basi vijana wenzangu, tuwapige hao, lakini kwa adabu. Omba ruhusa, sema jina lako, rudi na nakala. Ofisi za serikali na maeneo ya ulinzi achana nayo mpaka upewe kibali. Na nyuma ya kila picha andika tarehe, mahali, na taa iliyokuwa inawaka. Lenzi inakusanya mwanga tu. Ni kalamu itakayomwambia mjukuu kwamba yule aliyeinamia sufuria saa tisa usiku alikuwa nani, na alikuwa anampikia nani.